Jumapili kifua kinakuwaje?

"Kazi: mjasiriamali." Ndivyo mwanafunzi wangu alivyoandika kwenye faili la mgonjwa wa kikohozi, kisha akaendelea na mapafu. Mgonjwa mwenyewe alikuwa seremala wa Keko, Dar es Salaam, na ameshapewa antibayotiki mara tatu. Zipo dhana nne potofu zinazotuzuia kuwafundisha wanafunzi wa udaktari kumhoji mgonjwa kuhusu kazi yake.

Dhana: Ukishauliza "unafanya kazi gani", umemaliza.

Hapo ndipo unapoanza. Tulirudi na mwanafunzi kitandani kwa mgonjwa.

"Kaka, unatumia mbao gani?"

"Mvule, sana sana."

"Randa au msasa?"

"Msasa wa mashine. Humohumo ndani."

"Jumapili kifua kinakuwaje?"

Akanitazama. "Jumapili napumua, daktari."

Vumbi la mvule linajulikana kuleta pumu. Tatizo ni kwamba kifua kinaweza kubana saa kadhaa baada ya kazi, mgonjwa akiwa kalala, naye akalaumu baridi. Ugonjwa ukikomaa, hata siku moja ya mapumziko haitoshi kuleta nafuu. Muulize alivyokuwa alipokwenda kijijini wiki mbili. Maswali haya hayahitaji kipimo chochote, na inaniuma tunapomwacha mwanafunzi ahitimu bila kuyazoea.

Dhana: Hili ni somo la wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini.

Mkaguzi huenda karakana. Mapafu huletwa kwa daktari. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, aliwataka madaktari wenzake wamuulize mgonjwa kazi yake tangu mwaka 1700. Hapa kwetu, mwajiriwa anayedai fidia ya ugonjwa uliotokana na kazi anahitaji maelezo ya daktari. Faili likisema "mjasiriamali" au "kibarua" tu, tumemwangusha.

Dhana: Bila kiwanda kikubwa huwezi kulifundisha.

Wapeleke wanafunzi mtaa wa Gerezani kwa mafundi bati. Simameni umbali wa mkono mmoja. Mkilazimika kupaza sauti ili msikizane, kelele huenda zimefika desibeli 85, kiwango ambacho saa 8 kwa siku, mwaka baada ya mwaka, huharibu masikio.

Dhana: Fundi vigae akijifunga kitambaa, yuko salama.

Vumbi laini la silika, madini yaliyomo kwenye vigae, hupenya kitambaa. Kukata kwa maji ndiko kunakolipunguza pale linapozalika. Silika hutia mapafu makovu ambayo kwenye eksirei huweza kufanana na kifua kikuu, na humweka fundi kwenye hatari kubwa zaidi ya kukipata hicho kifua kikuu chenyewe. Kwa hiyo pima makohozi, na uandike amekata vigae miaka mingapi.