Eti "ni vya asili tu", virutubisho vya kushika mimba havina madhara?

Hii kauli naiona kila siku, mtu anatafuta mtoto anaambiwa anywe tu hivi vidonge, ni mimea na vitamini, haviwezi kukudhuru. Sio kweli jamani. Asili haimaanishi salama, na nchi nyingi virutubisho vinaingia sokoni bila kupimwa kama dawa, kwa hiyo lebo inaweza kusema kitu kimoja na ndani ya kopo kuna kingine.

Chukua vitamini A. Ile ya retinol ikizidi mikrogramu 3000 kwa siku inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile, na ukimeza multivitamini mbili tatu tofauti kwa pamoja unajumlisha dozi bila kujua. Mimea nayo, kama vitex, inagusa homoni, so kama uko kwenye dawa za kupevusha mayai unaweza kuvuruga matibabu yako mwenyewe (na dokta wako hana habari!).

Sasa usitupe kila kitu. Foliki asidi mikrogramu 400 kwa siku ni muhimu kweli, anza angalau mwezi mmoja kabla ya kubeba mimba hadi wiki ya 12, maana uti wa mgongo wa mtoto unafunga siku kama 28 tu baada ya mimba kutungwa, wengi hapo hata hawajapima. Inapunguza hatari ya mgongo wazi, ila haijathibitishwa kwamba inakuza uwezo wa kushika mimba kama wauzaji wanavyodai. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za kifafa huandikiwa dozi kubwa zaidi, hiyo usijipangie.

Ukienda kliniki beba makopo yote.