Vidole vinavyokufa ganzi na kubadilika rangi kwenye baridi: maswali na majibu

Ni ugonjwa gani huu, ukishika kitu cha baridi vidole vinageuka vyeupe?

Mara nyingi ni hali inayoitwa Raynaud, kwa jina la Maurice Raynaud, daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1862. Mtu yeyote akipigwa na baridi, mishipa midogo ya damu vidoleni husinyaa ili joto lisipotee mwilini. Kwa mwenye Raynaud husinyaa kupita kiasi, karibu kuziba. Kidole kinakuwa cheupe kama chaki, na unaweza kuona kabisa mstari pale damu inapoishia. Baadaye kinaingia rangi ya buluu au zambarau, na damu ikirudi kinakuwa chekundu, kinachoma na kupwita. Si lazima rangi zote tatu zionekane. Kidole gumba mara nyingi husalimika.

Kwenye ngozi nyeusi weupe huo haujitokezi sana mgongoni mwa kidole. Kinaweza kupauka tu au kuwa cha kijivu. Geuza mkono, tazama upande wa kiganja na chini ya kucha. Piga picha kwa simu hali ikitokea, maana ukifika kliniki saa sita mchana vidole vimesharudi kawaida na daktari hana cha kuona.

Si upungufu wa damu huo?

Wengi hudhani hivyo, wakaanza juisi ya bitiruti na vidonge vya kuongeza damu. Upungufu wa damu unaweza kuifanya mikono yote miwili iwe ya baridi, lakini haugeuzi vidole viwili vyeupe ghafla huku jirani zake viko sawa. Damu ipo, njia ndiyo imebanwa.

Huku kwetu hakuna theluji. Inawezekanaje?

Anayeuliza hivyo hajalala Makete mwezi wa Julai. Njombe, Lushoto, Limuru, Nyandarua, kote huko asubuhi ya Juni hadi Agosti inatosha kabisa kuleta shida, hasa kwa mchuma chai ambaye mikono imelowa umande kabla jua halijachomoza. Maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa kavu, kwa hiyo mkono uliolowa ni tatizo hata pale baridi si kali.

Tena mishipa hii huchochewa zaidi na badiliko la ghafla. Unatoka kwenye jua la Kariakoo unaingia benki yenye kiyoyozi, vidole vinakufa ganzi. Mchuuzi wa samaki pale Feri anayechota barafu kwa mikono mitupu anapata hali ileile, na Dar es Salaam ni joto mwaka mzima. Hofu na msongo wa mawazo navyo huileta bila baridi yoyote.

Nifanye nini mikono ibaki na joto?

Anza na kifua na kichwa, mikono baadaye. Mwili ukihisi kiwiliwili kinapoteza joto, vidole ndivyo vinavyonyimwa damu kwanza, kwa hiyo sweta, skafu na kofia vinasaidia vidole kuliko watu wanavyodhani. Glavu zivaliwe ukiwa bado ndani ya nyumba, mikono ikiwa ya moto: glavu haitengenezi joto, inalitunza tu lililopo. Zile zinazokusanya vidole vinne chumba kimoja hupasha zaidi kuliko zenye kila kidole na chake. Beba jozi kavu ya akiba.

Jikoni, tundika glavu au kitambaa kizito kwenye mpini wa friza, ukishike kabla ya kugusa nyama iliyoganda. Anayeshughulika na barafu avae glavu za pamba ndani ya zile za mpira, na za pamba abadilishe zikilowa. Nguo zifuliwe mchana au kwa maji ya vuguvugu. Waendesha bodaboda wa nyanda za juu hufunga mifuko mikubwa kwenye mikono ya usukani inayokinga upepo. Haipendezi macho, lakini inafanya kazi.

Na hali ikishaanza?

Toka kwenye baridi. Weka vidole kwapani, au zungusha mikono kwa nguvu kama bawa la feni ili damu isukumwe hadi ncha. Maji ya vuguvugu ni mazuri, ila joto lake lipime kwa kiwiko, si kwa vidole.

Usivisogeze kwenye jiko la mkaa. Vidole vilivyokufa ganzi havisikii moto, na utagundua umeungua damu itakaporudi. Jiko hilo likiwa ndani ya chumba kilichofungwa, hewa yake yenye sumu inaweza kuua.

Kuna vitu vinavyozidisha?

Sigara, kuliko vyote. Baadhi ya dawa za presha na moyo, kama propranololi na atenololi, na dawa za kipandauso zenye ergotamini, pia zile za mafua zenye pseudoefedrini. Dawa ya presha usiache mwenyewe. Mweleze aliyekuandikia, huenda akakubadilishia. Wanaoshika chenso au mashine za kuvunja zege kwa miaka nao huathirika, kwa sababu ya mtetemo.

Lini niende hospitali?

Ikianza ujanani, mikono yote miwili, bila vidonda, kwa kawaida haina madhara makubwa, na wanawake ndio huipata zaidi. Kamuone daktari ikiwa imeanza ukiwa na umri unaozidi miaka 30, ikiwa ni mkono mmoja tu, ncha za vidole zina vidonda, ngozi inakakamaa, viungo vinauma au chakula kinakwama kooni. Hapo huenda nyuma yake kuna lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), skleroderma (ugonjwa wa kukakamaa ngozi) au baridi yabisi, na vipimo vya damu vitahitajika. Kidole kinachobaki cheusi au cha buluu na kuuma hata baada ya kupata joto ni dharura ya siku hiyohiyo.

Dawa zipo. Daktari mara nyingi huanza na nifedipini au amlodipini, zinazotumika pia kwa presha, kwa kuwa hulegeza mishipa. Zinaweza kuleta maumivu ya kichwa na kuvimba miguu.

Hutokea vidoleni tu?

Hapana. Vidole vya miguu, masikio na pua pia. Mama anayenyonyesha anaweza kuipata kwenye chuchu: inageuka nyeupe mtoto akiachia ziwa, halafu inachoma vikali. Wengi hupewa dawa ya fangasi isiyowasaidia. Afunike ziwa haraka baada ya kunyonyesha, kwa kitambaa kikavu chenye joto, na amweleze mkunga kuhusu ule weupe.