Msitenganishe pea jamani

"Waya ni waya fundi, mradi shaba ifike." Naisikia Mwanga, naisikia Gungu, naisikia mpaka Ujiji, na nikishaisikia tu najua nikifungua boksi la ukutani nitakuta nini: king'amuzi kiko sebuleni, TV ya pili iko chumbani, katikati umepitishwa waya wa intaneti, video imepewa waya mmoja wa bluu, sauti ya kulia wa chungwa, ya kushoto wa kijani, halafu ethi zote tatu, yaani njia za kurudia signo, zimebanwa pamoja kwenye kahawia. Picha ina michirizi, spika zinavuma, na lawama anabebeshwa waya, eti haufai kwa picha ya AV, ile ya pini za njano, nyekundu na nyeupe. Unafaa sana! Tatizo ni hizo pea mlizozivunja.

Huo waya wa intaneti, Cat5e, una nyaya nane lakini mimi sihesabu nane, nahesabu pea nne, bluu na mweupe-bluu wake, zingine hivyo hivyo. Zimesokotwa kwa makusudi, Alexander Graham Bell aliichukulia hataza mbinu hiyo mwaka 1881 kwa ajili ya simu, na kazi yake ni hii: waya wa umeme ukipita jirani, kelele yake inaingia karibu sawasawa kwenye nyaya zote mbili kwa sababu zinabadilishana nafasi kila baada ya kipande kidogo, sasa anayepokea akisoma tofauti kati ya hizo mbili, kelele inafutika. Ukipeleka video kwa bluu ukairudisha kwa kahawia umepoteza hilo lote, umejijengea antena ndani ya ukuta. Na kuchangia ethi ndo kubaya zaidi, hapa ndo watu wananibishia mpaka nakereka: video na sauti zinarudi kwa njia moja, video ya PAL, mfumo wa picha unaotumika kwenye AV yetu, ina mapigo 50 kila sekunde, yanavuja kwenye sauti, ndo huo mvumo mnaosema king'amuzi kimekufa. Kila signo na pea yake, inaenda kwa waya wa rangi inarudi kwa mwenzake. Basi.

Sasa baluni. TV yenyewe haijui kusoma hiyo tofauti, ndo kazi ya baluni, ni kitransfoma kidogo kila upande, na pia inapatanisha ukinzani wa om 75 wa AV na om 100 wa waya wa intaneti. Haiongezi nguvu! Ile isiyo na umeme inapunguza kidogo, anayekuuzia kama busta anakudanganya. Vitabu vinasema lazima uweke, mimi kwa ukuta mmoja tu, mita kumi hivi, naona pea ikitunzwa picha inatoka safi bila baluni, maana kivuli cha signo inayogonga mwisho wa waya ikadunda kinakaa karibu mno na picha yenyewe jicho halikioni. Sauti ndo inanitia wasiwasi, kuna nyumba inavuma hata kwa umbali huo, kwa hiyo siahidi. Ikifika mita thelathini nunua tu usibishane na mimi.

Rangi ikianza kupauka wakati picha bado ipo, ujue umbali umezidi au waya ni mbovu, kwa sababu rangi ya PAL inasafiri kwenye megahezi 4.43 huko juu na huko ndo waya mrefu unakula kwanza. Soma boksi kabla hujalipa, ukiona CCA hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, iache dukani.

Wenye komponenti, yaani video inayogawanywa kwenye nyaya tatu, kwenu kuna jambo jingine, pea hazijasokotwa sawa kwa hiyo urefu wake ndani hautoshani, rangi moja inachelewa kwenye waya mrefu na herufi zinaota kingo za rangi. Video ya pini ya njano inatumia pea moja, haina shida hiyo.

Usichomeke huo waya kwenye ruta wala swichi, hata kama pini inaingia, na usiupitishe paipu moja na umeme wa nyumba. Video bluu, sauti chungwa na kijani, pea ya kahawia iacheni nzima, kesho mtataka kubadilisha chaneli mkiwa kitandani na jicho la rimoti litahitaji pa kupita.