Trela ya filamu ya muziki huanza na hesabu ya mapigo

Kila mwaka ninasimamia makundi ya wanafunzi wa filamu hapa Dar es Salaam ambao kazi yao ya mwisho ni kutengeneza trela ya dakika moja na nusu, yaani kionjo cha kutangazia filamu, na karibu kila mwaka liko kundi linalochagua filamu ya muziki. Huja kwenye kikao cha kwanza wakiwa na orodha ya kamera, lenzi na mavazi. Mimi, ambaye kwa taaluma ni mhariri wa picha, huwauliza kwanza wimbo wao una mapigo mangapi kwa dakika. Mara nyingi wimbo wenyewe bado haujatungwa, na hapo ndipo ninapowaomba wafunge daftari la kamera mpaka utungwe.

Trela ya darasani ina ugumu wake wa pekee, kwa kuwa inatangaza filamu ambayo haipo. Kundi lisipoiandika hadithi yote, angalau kwa ukurasa mmoja wenye mwanzo, kati na mwisho, litapiga picha za watu wanaocheza ufukweni na kuambulia video ya wimbo, ambayo tunazo za kutosha. Tofauti ya mambo haya mawili ni kwamba katika filamu ya muziki mhusika huimba kwa sababu maneno ya kawaida yamemshinda. Kundi la mwaka huu lina binti anayekaanga samaki Kunduchi, pwani ya jiji letu, ambaye mama yake anataka airithi meza ya biashara ilhali yeye moyo wake uko kwenye kuimba. Niliwauliza ni wakati gani hasa binti huyu hawezi tena kujibu kwa kusema. Walibishana siku mbili, kisha wakasema ni pale mama anapomkabidhi kikaango mbele ya wateja. Basi trela ikapata moyo wake, na wimbo ukapata mahali pa kuanzia.

Sasa hesabu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo ninawashauri wapige picha kwa fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa sekunde, na shata ya kamera ifunguke kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, ili taa za ndani zisionekane zikipepesa. Wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika huipa kila pigo fremu 15 kamili. Baa, yaani fungu la mapigo manne ya muziki, inakuwa fremu 60, yaani sekunde 2.4. Baa 36 zinachukua sekunde 86.4, na katika sekunde 90 za trela zinabaki sekunde 3.6 za kimya kwa ajili ya jina la filamu. Wimbo wa kundi langu ulikuwa na mapigo 97, ambayo huipa kila pigo fremu 15 na nusu kasoro kidogo. Sikio la kawaida halitambui hitilafu ya nusu fremu, na mtu asije akaharibu wimbo mzuri kwa sababu ya desimali. Lakini prodyuza alikuwa bado hajaufunga, mwimbaji hakuona taabu, na kuupandisha hadi 100 kulifanya kila mtu aweze kupanga kazi yake bila kikokotoo.

Kuna faida nyingine ambayo watu wetu waliokulia kwenye mashairi huielewa haraka kuliko ninavyoweza kuieleza. Mstari wa shairi la kawaida una mizani, yaani silabi, 16: nane za ukwapi, kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili. Ukiimba silabi moja kwa kila nusu ya pigo, mstari mmoja unakula mapigo manane, sawa na baa mbili, sawa na fremu 120. Mcheza dansi naye huhesabu moja hadi nane. Kumbe mtunzi, mwimbaji, mchezaji na mhariri wote wanapimia kwa kibaba kimoja, na trela nzima ni vibaba 18. Nilipowachorea jambo hili ubaoni, mtunzi wao aligundua mwenyewe kwamba ubeti mmoja wa mistari minne, kabla hata mwimbaji hajavuta kina cha mwisho, unachukua sekunde 19.2, zaidi ya sehemu moja ya tano ya trela. Aliukata ubeti wa pili bila kuombwa. Trela ikabaki na mistari miwili ya ubeti wa kwanza, kiitikio kinachosikika mara moja na nusu, na sehemu za ala tupu ambamo wahusika wanaweza kuzungumza.

Maneno ya kusemwa ndiyo husahaulika zaidi. Baa moja inatosha silabi kumi na mbili hivi za mtu anayezungumza kwa utulivu, na maneno yakilaliana na maneno ya wimbo, yote mawili hupotea. Kwa hiyo jedwali ninalolidai kabla ya kitu kingine chochote lina safu nne: namba ya baa, picha inayoonekana, sauti inayoimba, na sauti nyingine, iwe ni usemi, mafuta yanayochemka au kimya. Pale ambapo safu ya tatu na ya nne zote zina maneno, nawarudishia. Kundi la Kunduchi liliweka sauti ya samaki akitumbukizwa kwenye mafuta juu ya pigo la kwanza la baa ya tisa, mahali ambapo ngoma huingia. Wazo hilo lingekuja kwa bahati tu kwenye meza ya uhariri, kama lingekuja kabisa.

Jedwali likikamilika, wachore storibodi, yaani michoro ya picha moja moja, hata kwa watu wa vijiti, waipige picha kwa simu na kuipanga juu ya wimbo kwa urefu wake halisi. Hapa ndipo aibu hujitokeza mapema, na kwa bei rahisi. Picha iliyoonekana tamu kwenye karatasi hugeuka kuwa ya sekunde sita, na watazamaji wanaanza kukohoa. Kundi moja la nyuma lilitambua kwamba mhusika wake mkuu haonekani uso mpaka sekunde ya 40.

Kuhusu haki, sina uvumilivu mwingi. Wimbo una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na mahadhi yake, na ya rekodi yenyewe. Kundi moja lilipanga wiki tatu juu ya wimbo maarufu likitumaini ruhusa itakuja. Haikuja, na kwa kuwa kila picha ilikuwa imepimwa kwa wimbo ule, mpango wote ulikufa nao. Tungeni wenu. Na hata prodyuza akiwa rafiki mliyesoma naye, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja yanayosema biti, yaani muziki wa ala aliouunda, na rekodi zitatumika wapi na jina lake litaandikwaje. COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, wanaweza kuwaelekeza kuhusu usajili wa kazi.

Kwenye seti, waigizaji wataimba kwa plebeki, yaani wimbo uliorekodiwa studio unapigwa kwenye spika nao wanaufuata. Sharti langu ni kwamba waimbe kwa sauti kweli, wasichezeshe midomo tu, kwa sababu mishipa ya shingo na pumzi ya kifua haviwezi kudanganya kamera. Jambo la pili ni mahali pa kuiweka spika. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, na fremu moja ni sehemu ya ishirini na tano ya sekunde, kwa hiyo kila mita 14 hivi kutoka kwenye spika humchelewesha mwimbaji kwa fremu moja nzima. Mwimbaji akiwa peke yake mbali, mhariri anaweza kuisogeza picha ianze mapema kidogo na kosa likafutika. Lakini binti akiwa mita tatu kutoka kwenye spika na waitikiaji wake wakiwa mita 30 nyuma kwenye mitumbwi, wanapishana fremu mbili ndani ya picha moja, wala hakuna kusogeza kutakakowapatanisha. Ama spika ya pili iwekwe karibu na waitikiaji, ama wasogezwe mbele. Na kama mnataka picha ya mwendo wa polepole, iliyopigwa kwa fremu 50 na kuonyeshwa kwa 25, basi wimbo lazima upigwe kwa kasi maradufu wakati wa kurekodi, na mwimbaji aufanyie mazoezi nyumbani kwa mapigo 200. Ni kichekesho kumtazama, lakini kwenye skrini anaimba sawasawa.

Ratiba ya ufukweni huandikwa na bahari. Kundi la mwaka juzi lilipanga picha ya mitumbwi inayoelea saa nne asubuhi, siku moja baada ya mwezi mpevu. Hizo ni siku za bamvua, ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na katika pwani yetu maji ya bamvua huwa yamekupwa karibu na saa hiyo. Walikuta mitumbwi imelala ubavu kwenye tope na bahari iko mbali. Maji ya bamvua hujaa jioni kama saa kumi, na kila siku saa za kujaa na kupwa huchelewa zaidi kwa takriban dakika 50, hivyo tazameni jedwali la maji kabla ya kumwahidi mvuvi yeyote. Jua nalo halitusubiri. Tuko nyuzi saba kusini mwa ikweta, ambako jua hupanda wima, na mwanga laini wa asubuhi haudumu hata saa moja. Wekeni humo picha za uso wa mhusika mkuu, kisha mchana mhamie chini ya paa la makuti kwenye mafuta na moshi.

Vibali havina simulizi: chuo kiandike barua, Bodi ya Filamu ifikiwe mapema, uongozi wa mtaa na wa soko uarifiwe, na mwenye droni asiirushe bila ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kila atakayeonekana kwa karibu atie saini ya ridhaa, na mtoto atiliwe na mzazi. Chakula kihesabiwe pamoja na wavuvi mliowakodi, maana wao hawatakumbusha.

Usiku wa kuamkia siku ya kazi, wimbo unakiliwa kwenye simu mbili tofauti, zote zikiwa na chaji kamili. Mwanzoni mwa kila kipande huwekwa milio minane ya kuhesabia ili mwimbaji, mchezaji na mpiga picha waingie pamoja, na namba ya baa husemwa kwa sauti kabla ya milio hiyo. Mhariri atakayekaa na picha hizo wiki mbili baadaye ataisikia namba, atatazama jedwali, na atajua papo hapo kipande kinakwenda wapi.