Mwani wa seli moja unapokosa naitrojeni

Mwani ninaoushughulikia kila siku maabarani ni Klamidomonasi, seli moja ya kijani yenye upana wa takriban mikromita 10, flagela mbili za kuogelea na kloroplasti moja yenye umbo la kikombe. Ikipata mwanga na chumvi za kutosha, seli hiyo haihitaji mwenza, hujigawa tu. Naitrojeni ikiisha, mambo hubadilika.

Ninaitaja naitrojeni kwa makusudi, kwa sababu wanafunzi wengi huandika "njaa" kana kwamba kukosa kirutubisho chochote kunatosha. Ruth Sager na Sam Granick walieleza nchini Marekani mwaka 1954 kwamba upungufu wa naitrojeni ndio unaozigeuza seli hizi kuwa gameti, yaani seli za uzazi. Hadi leo, nikiongeza chumvi ya amonia kwenye chupa, gameti ambazo bado hazijaungana hurudia hali ya kawaida na kuanza tena kujigawa.

Seli isiyopata naitrojeni kutoka nje huitafuta ndani yake yenyewe: huvunja sehemu kubwa ya ribosomu (vijenzi vya protini ndani ya seli) na protini zake, kisha malighafi hiyo huitumia kuunda protini za gameti. Kazi hiyo haikamiliki gizani, kwani inahitaji mwanga wa buluu, unaopokewa na protini iitwayo fototropini. Ndiyo maana chupa zangu hukesha chini ya taa. Gameti ni za aina mbili: seli yenye jeni ya MID huwa gameti hasi, na isiyo nayo huwa chanya. Siziiti dume na jike, kwa kuwa kwa umbo na ukubwa zinalingana.

Asubuhi huchanganya chupa mbili, moja ya gameti chanya na nyingine ya hasi, na hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Katika sekunde chache, maji yaliyokuwa na ukijani mmoja huanza kufanya madonge. Chini ya hadubini, flagela za seli chanya na hasi zimenatana, na kila donge linatetemeka. Mnato huo hupandisha kiwango cha kemikali ya cAMP ndani ya seli, kimeng'enya cha gametolisini huyeyusha kuta, na seli zinachomoka zikiwa uchi, zikiacha maganda matupu yakielea. Gameti chanya hutoa kimrija kuelekea mwenzake. Ile hasi ina protini ya HAP2, inayounganisha tando zao. Protini ya jamii hiyohiyo hutumiwa na gameti za kimelea cha malaria ndani ya mbu, na kwa sababu hiyo sikubali mwani huu uitwe uchafu wa dimbwi.

Zaigoti, yaani seli inayotokana na muungano huo, huogelea kwa flagela nne kwa muda, kisha huzipoteza na kujijengea ukuta mnene unaohimili ukame na baridi. Naitrojeni na mwanga vikirudi, ukuta hupasuka na kutoa seli nne: mbili chanya, mbili hasi.