Dengue: usafi wa uani kwako si kazi bure

Tangu homa ya dengue iitikise Dar es Salaam mwaka 2014, na tena 2019, nasikia kauli ileile: "Nifanye usafi kwangu ili iweje, na mtaro wa mtaa unanuka vile?" Kauli hiyo inavunja moyo, na si kweli.

Mbu wa dengue, Aedes aegypti, hana haja na mtaro mchafu. Hutaga kwenye vyombo vyenye maji yaliyotuama: ndoo isiyofunikwa, tairi kuukuu, kifuu cha nazi nyuma ya jiko. Tena haruki mbali, kwa kawaida mita mia chache tu. Anayekuuma mchana sebuleni huenda alizaliwa uani kwako.

Chungulia ndoo. Vile vidudu vinavyojinyonganyonga na kupanda juu kupumua ndivyo viluwiluwi vyake. Kutoka yai hadi mbu ni kama siku 7 hadi 10, kwa hiyo ukimwaga maji kila wiki umemuwahi. Sugua na kuta za ndoo, maana mayai hung'ang'ania hapo na hustahimili ukavu kwa miezi. Kwetu ni kazi ya Jumamosi asubuhi. Watoto hushindana kuokota vifuu.