Eti watafiti wa serikali wanakula tu hela?

Kuna hii kauli imezoeleka sana, eti taasisi za utafiti za serikali zinakula tu bajeti, mwaka unaisha hakuna kitu. Jamani, sio hivyo. Chukua Naliendele pale Mtwara, kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kinachoshughulika na korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000, kufika 1986/87 zimebaki chini ya 20,000, na ndio, bei mbovu ilichangia, na watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho yao huko nyuma, ila kulikuwa pia na ubwiri unga, ule ugonjwa unaopaka maua unga mweupe yakakauka kabla hayajashika tunda. Dawa iliyokuja kusaidia ni salfa, ikafanyiwa majaribio hukohuko kusini, na leo mkulima anaiulizia kabla msimu haujaanza (ikichelewa utasikia kelele zake). Sasa hiyo ungeipimaje kwa ripoti ya mwaka mmoja? Mkorosho wenyewe unasubiri kama miaka mitatu ndo uanze kuzaa, na mbegu mpya inajaribiwa misimu kibao. Kuwakagua sawa kabisa, hela ni zetu, lakini uliza mbegu zao ziko kwenye mashamba mangapi, sio wamefanya semina ngapi.